Kiongozi wa Visiwa Aliyengoja Alunguli

Siku ya kwanza nilipomwona Baba Onema, alikuwa nyuma ya watu wote. Ilikuwa masika ya vita ya kwanza, na watu waliokimbia kutoka Kivu walikuwa wakiteremka kwenye bandari yetu ya Alunguli ili wavuke mto waingie mjini Kindu. Mimi nilikuwa kijana, nikipiga kasia katika mtumbwi wa marehemu baba yangu. Watu walisukumana na kukanyagana miguu. Ndipo nikasikia filimbi. Mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani iliyokatika ukingo alikuwa anawapanga kama watoto wa shule.

"Wamama wenye watoto mbele! Hakuna kusimama ndani. Musiogope, huyu kapiteni anajua maji."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita kapiteni. Akawahesabu kwa kuwagusa vichwa, mmoja mmoja, kisha akaniwekea mimi kidole kifuani.

"Na wewe."

Yeye alipanda wa mwisho. Wale watu hawakuwa ndugu zake. Walikutana naye msituni wakaanza kumfuata, kwa sababu mwenye filimbi huonekana anajua njia.

Jina lake kamili lilikuwa Florentin Onema, mzaliwa wa Kibombo. Ujanani alikwenda Goma, akapata kazi ya kuongoza wageni kwenye visiwa vya ziwa Kivu. Huko alimwoa Joséphine, binti wa hapa kwetu Alunguli, aliyekuwa akiwapikia wageni hao. Ndiyo maana alipokwisha kuwavusha wenzake alirudi ng'ambo yetu, akaenda kubisha kwa wakwe. Mama Euphrasie, dada mkubwa wa Joséphine, alifungua mlango.

"Karibu, shemeji. Joséphine iko wapi?"

"Anakuja," alisema.

Sote tulifikiri yuko nyuma kidogo, labda miguu imemvimba. Baba Onema alilima mboga ya lengalenga kwenye ukingo wa mto, mahali ambapo angeweza kuona kila mtu anayeteremka kutoka barabara ya mashariki. Siku zikawa miezi. Kila alipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile.

Vita ya pili ilipoufunga mji, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Mihogo ilikuwa mashambani, na mashamba yalikuwa upande wa bunduki. Chumvi tuliilamba kama dawa. Kiangazi mto ulipopungua, kilitokea kisiwa cha mchanga mbele ya bandari, na watu wa mtaa wakapenda kukaa pale kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine. Baba Onema alianza kufinyanga vilima vya mchanga, akavipaka vumbi la makaa na majivu, maana udongo wa visiwa vile, alituambia, ni mweusi. Kimoja alikikata kama mwezi mchanga. Tulimsaidia kuchimba. Alipomaliza akapiga filimbi.

"Wageni wote, mustari mumoja! Tunaanza safari."

Tukacheka, lakini tukapanga mstari.

"Hiki njo Chegera," alisema mbele ya ule mwezi. "Kilikuwa mudomo wa mulima wa moto. Upande mumoja ulizama majini, ukabaki huu. Wageni wanaweka mahema huku mugongoni. Giza likiingia, wanaona Nyiragongo ng'ambo, juu yake nyekundu kama jiko."

"Baba Onema," akauliza Mounira, jirani yetu aliyekuwa na mdomo mwepesi, "kwenye mahema hayo wanakula nini?"

"Bugali na sambaza. Samaki wadogo, za kukaanga."

"Basi mimi sirudi. Muniache huko huko!"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo matupu. Baba Onema hakucheka. Alituzungusha hadi kwenye shimo.

"Musishuke humo. Bondeni kunalala mazuku, hewa mbaya isiyo na harufu. Mbuzi anainama kula majani, hainuki tena."

Na sisi tuliolichimba shimo lile kwa mikono yetu tulilizunguka kwa mbali, tukishikana nguo.

Mwisho alituhesabu. Alipofika mwisho wa mstari, akageuka kumtazama Mama Euphrasie, aliyekuwa kando ya maji akichemsha sombe, majani ya muhogo wa uani, isiyo na mafuta.

"Shemeji, ingia na weye kwenye mustari."

"Aa, niache. Mimi si mugeni. Mimi napika."

Baba Onema akakaa chini mchangani. Tulidhani ni njaa. Alivua kofia, akasema akiwa ameinamisha kichwa:

"Na yeye alikuwa anapika."

Akatueleza hapo hapo. Ilikuwa Jumapili, na wageni wake walikuwa watu wa mashirika ya misaada waliotaka kupumzika Chegera. Milio ya bunduki ilianza upande wa Goma. Wageni walilia, mwendesha boti aliwasha mashine.

"Nilihesabu wageni, wote walikuwemo. Bosi alitufundisha hivyo, hesabu wageni. Mupishi hayuko kwenye hesabu, yeye anajua boti ni yake. Joséphine alikuwa anaosha vyombo kule ndani ya kona ya kisiwa. Tulipofika katikati ya ziwa, niliona sufuria hazimo. Njo nikamukumbuka."

Bandarini askari walichukua boti. Alipowasihi walimpiga, na msongamano wa waliokimbia ukamsukuma hadi Sake, kisha msituni.

Mama Euphrasie aliipua chungu.

"Sufuria njo zilikukumbusha?"

Mama Euphrasie akagawa sombe kwa kila mtu, na Baba Onema pia, lakini sahani yake aliiweka mchangani badala ya kumpa mkononi. Iliendelea kuwekwa chini hivyo hata mvua iliporudi na mto ukavimeza visiwa vyake.

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tulisikia redioni kwamba moto umekula mitaa ya Goma, na mtaa wake ulitajwa. Baba Onema alisema tu, "Chegera iko majini, moto haufiki." Amani iliposainiwa akaondoka kwa miguu kupitia Pangi, kumtafuta huko ziwani. Kabla ya kuondoka, Mama Euphrasie alimpa chikwange, mkate wa muhogo, ya njiani, mkononi.

Alirudi amekonda, anakimbia, jasho linamtoka. "Amefika?" aliniuliza kabla ya salamu. Wavuvi wa ziwani walimwambia kuna mwanamke aliyekaa muda mrefu kisiwani akiwapikia samaki kwa sufuria nzuri za wageni, akiuliza kila boti kama inamtafuta. Halafu akachoka kungoja. Akapanda boti ya kwenda Bukavu, akisema anarudi kwao Kindu.

Hakuwa amefika. Hakufika mwaka ule wala mwingine. Mama Euphrasie alifariki akiutazama mlango. Baba Onema alikataa kuhamia Mikelenge, ng'ambo mjini, alikopatiwa kiwanja kizuri. Alisema mtu wa kutoka Bukavu lazima aguse Alunguli kwanza. Asubuhi zote alikuwa kwenye ngazi za bandari na filimbi yake. Hakuniacha nisukume mtumbwi mpaka wote wahesabiwe, na mwenye kasia pia. Vijana wa pikipiki walimwita Serikali ya Mtumbwi. Mimi niliona aibu mwanzoni, baadaye nikaona ajabu siku asipokuwepo.

Vita iliporudi Goma juzijuzi, watu walianza tena kuteremka na magodoro vichwani. Baba Onema alikuwa hawezi kusimama, maji yalikuwa yamejaa miguuni. Nilikuwa nimemhamishia chumba changu cha karibu na mto, na Mounira alikuwa akimwosha. Alitaka mlango ukae wazi. Wanawake wa umri mkubwa walipopita alijiinua kwa kiwiko, akawatazama usoni, akalala tena.

Asubuhi ile mtumbwi ulijaa, nami niliingia kuchukua kasia. Nilipovusha wale watu na kurudi, Mounira alikuwa amekwisha kumfunika, na filimbi ameiweka juu ya shuka. Kwa hiyo neno langu la mwisho kwake lilikuwa "ndiyo", nikiwa mlangoni, nikilijibu swali lake:

"Djuma, umejihesabu na weye?"