Siku Niliyompita Bibi

Mwaka jana mpwa wangu wa mtaa wa Viwanja Sitini alinipakia kwenye bajaji yake tukavuka mto Kilombero kwa daraja. Kabla sijakaa sawa tulikuwa tumeshafika ng'ambo. Alitaka nifurahi, na kusema kweli daraja ni zuri, lakini nilinyamaza kama mtu aliyepelekwa msibani. Akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamwambia aendeshe tu.

Wewe unayeijua Ifakara ya leo, iondoe kwanza lami kichwani. Miaka ya hamsini, mimi nikiwa binti wa miaka tisa hivi, barabara ya kwenda kivukoni ilikuwa ya changarawe, imeinuliwa juu ya bonde. Masika yakianza, maji yalijaa pande zote mbili, ukawa kama unapita katikati ya ziwa. Changarawe zenyewe zilikuwa za mviringo, zinakimbia chini ya tairi, na vijituta vya barabara vilikutetemesha mpaka meno. Wanaume walipita humo na baiskeli zilizosheheni magunia ya mpunga, matenga ya samaki wakavu aina ya kitoga, hata mbuzi aliyefungwa miguu akilalamika njia nzima. Uliwasikia kabla hujawaona.

Baba alikuwa na baiskeli moja kubwa nyeusi. Kila jioni aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, na mama alikuwa akimtania kwamba laiti watoto wangefutwa makamasi hivyo. Lakini ndiyo iliyotulisha. Mpunga wetu ulitoka nayo shambani, ng'ambo ya mto Lumemo, na chumvi na sabuni zilirudi nayo nyumbani.

Tuliishi na bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka upande wa Mahenge kumwuguza mwanawe nilipozaliwa mimi, akabaki. Mikono yake ilinukia pepeta. Alikaanga mpunga mbichi, akautwanga ukiwa bado moto, akautupa hewani kwenye ungo, nasi tukaokota kama kuku punje zilizoanguka. Baba alimheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa. Hakula mbele yake, hakumtazama usoni, na wakikutana njiani alishuka kwenye baiskeli akasimama pembeni mpaka bibi apite.

Bibi alikuwa na neno lake moja kwangu: "Mtoto wa kike hapandi chuma." Nami, kichwa changu kilivyokuwa kigumu, nilikipanda. Baba akilala baada ya chakula cha mchana, niliikokota baiskeli taratibu hadi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa mfupi, kiti sikukifikia, kwa hiyo nilipenyeza mguu mmoja chini ya bomba la katikati nikakanyaga pedali hivyo hivyo, mwili umepinda, mkono mmoja umekumbatia kiti. Kuanza niliweza kama kuna kichuguu cha kusimamia. Kusimama ndiko ambako sikujifunza kamwe, kwa sababu vidole vyangu havikufika kwenye breki. Nilijitupa tu kwenye nyasi.

Siku moja nilijitupa vibaya. Pedali ilipinda, ikawa kila ikizunguka inagonga fremu, ko, ko, ko. Bibi aliniona. Hakunigombeza. Aliniosha goti kwa maji ya uvuguvugu, akairudisha baiskeli ukutani, karibu na mkeka wake wa mpunga.

Baba alipoamka na kuiona, alituita wote uani. Jirani yetu wa kike alikuwa amekuja kuomba moto, akabaki palepale na kigae chake.

"Nani?"

Nilimtazama baba, nikaogopa. Nikasema, "Bibi. Iliangushwa na bibi alipokuwa anaanua mpunga."

Bibi alinitazama. Kisha akasema, "Ni kweli, baba. Macho yangu haya."

Hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alimtazama mama mkwe wake usoni na kumpandishia sauti mbele ya jirani: "Mama, kama kukaa kwa watu kumekushinda, si una kwako?"

Jirani aliondoka bila moto.

Siku ya pili nilirudi kutoka shule mchana nikamkuta mama analia juu ya sufuria. Bibi alikuwa ameondoka kwa miguu na furushi lake, anakwenda kivukoni, arudi kwao Mahenge. Baba alikuwa shambani, baiskeli ameiacha ikimsubiri fundi. Nikajua la kufanya. Nilipaswa kumfikia bibi kabla hajavuka, nimwambie nimekosa, nimwambie tutarudi wote nami nitasema mbele ya baba. Kama nikisema, atarudi. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Nikapanda kwenye kichuguu, nikaondoka. Ko, ko, ko, njia nzima. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha changarawe, tairi linateleza, jasho linaniingia machoni. Watu walisimama kumshangaa binti juu ya chuma. Mji ukaisha, maji yakaanza kulia na kushoto.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa kando ya barabara juu ya furushi lake, amenyoosha miguu, anapumzika. Aliinua kichwa aliposikia ile pedali. Na mimi, rafiki yangu, sikuweza kusimama. Nyasi za kujitupia hazikuwepo, ni maji tu. Nikishika usukani kwa nguvu zote, macho mbele, nikampita. Shikamoo haikunitoka. Nilimpita bibi yangu kama ninavyopita mti, juu ya baiskeli ileile aliyokubali kutukanwa kwa ajili yake.

Nilianguka mbele sana, penye kona. Nilipoinuka, lori la mpunga lilikuwa linakuja kutoka mjini. Likanirushia matope. Nyuma, kati ya magunia matupu, alikuwa bibi. Wamempa lifti. Maneno yote niliyoyapanga yalinipotea, likabaki lile moja: "Bibi, shikamoo! Shikamoo, bibi!" Injini ilikuwa inanguruma. Aliinua mkono. Sijui hadi leo kama aliniitikia, au alikuwa anatafuta mahali pa kujishikilia.

Kichuguu cha kupandia hakikuwepo. Nikaikokota baiskeli hadi kivukoni. Pantoni lilikuwa katikati ya mto, na lile lori juu yake.

Masika ya mwaka ule yalifunga njia kabisa. Maji yalipopungua, mtu mmoja wa baiskeli alikuja kutoka ng'ambo, akashuka uani kwetu, akavua kofia. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Baba hakupandisha sauti tena kwa mtu yeyote. Watu walimsifu kwa upole wake, hata padre alimtoa mfano kanisani, nami nikiwa upande wa wanawake natazama miguu yangu. Alipozeeka na kuugua, aliniambia mara moja, "Bibi yako nilimfukuza mimi. Kwa ajili ya chuma." Nilikuwa nimemshika mkono. Ningeweza kusema. Nikamwambia, "Hayo ya zamani, baba, usijisumbue."

Pantoni limeondoka, changarawe zimefunikwa na lami. Nyumba yetu ilibomolewa, mama naye amekwenda, jirani naye. Ukimtoa bibi mwenyewe, kila aliyesimama uani siku ile amekufa akiamini kwamba bibi ndiye aliyeiangusha baiskeli. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na wa kumwomba radhi simwoni. Ndiyo maana nimekueleza wewe, ambaye hata hukumfahamu.