Sala ya Yaya Colette na Sombe Iliyopoa

Mwalimu Raphaël alifundisha somo la joto katika darasa la tano, kule Bagira, tangu baadhi ya walimu wenzake hawajazaliwa, lakini joto halikupata kumsumbua hata siku moja mpaka alipolazwa hospitalini. Daktari alimpima akamwambia uvimbe wa tumboni utatolewa, ila si kwa mwili uliokonda namna ile. Ale kwanza, apate nguvu. Akizidi kukonda hakuna atakayethubutu kumpasua, na uvimbe nao haungoji mtu.

Kula ndiko kulikokuwa kazi. Chakula cha moto kilishuka, kilichopoa kilikwama kooni. Wala hakuwa anadeka: bugali ikipoa inakuwa ngumu, na mawese kwenye sombe, yale majani ya muhogo, yanaganda mpaka yanashika kijiko. Mkewe, Mapendo, alipika nyumbani Bagira, akapanda minibasi na sufuria mapajani, akashuka mjini, na sufuria ikafika baridi. Mwalimu aliitazama, akashukuru, akala matonge mawili ya adabu, akageukia ukutani.

Jambo hilo alilitafakari kama anavyotafakari kila jambo, yaani kwa sauti, akimuuliza mkewe.

"Maman, ile sufuria iko inagusa nini mu basi?"

"Iko inagusa magoti yangu."

"Na magoti inasikia moto?"

"Mpaka pa Kadutu inasikia moto. Kisha inaacha."

"Basi joto yangu ni weye uko unaikula."

Mapendo hakucheka. Mwalimu akamweleza kwamba joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, halijui njia nyingine, na likigusishwa kitu baridi linahama bila kuaga. Sufuria ya aluminium haiwezi kulizuia hata kidogo. Atafute kikapu, akitandike blanketi la zamani, atie sufuria katikati, aifunike kwa mto.

"Blanketi itaipasha moto?"

"Blanketi haiko na moto yake. Iko inakataza tu ile ya ndani isitoroke."

Kesho yake Mapendo alipanda minibasi na kikapu chake kilichovimba, na konda akampa kiti cha mbele akidhani amebeba mtoto mchanga. Hakumsahihisha. Chakula kilifika kinafuka. Ulrich, dereva wa pikipiki aliyelala kitanda cha pili na mguu wake kwenye plasta, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Hapo ndipo alipoingia Yaya Colette.

Yaya Colette alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu. Mama yao alikufa mapema, na ni yeye aliyemlea Raphaël, akiuza ndizi sokoni Kadutu na mdogo wake mgongoni. Sasa aliongoza sala katika shirika lao la kanisa, na hakuna aliyemzidi kwa urefu wa sala. Kwao chakula hakiombewi kikiwa kimefunikwa. Akaondoa kifuniko, akainua mikono, akaanzia kwenye kuumbwa kwa ulimwengu.

Mwalimu alifumba jicho moja. Kwa jingine aliufuata mvuke. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda juu. Ya baridi inashuka kuchukua nafasi yake, nayo inapata moto, nayo inapanda. Alikuwa amelichora jambo hilo ubaoni kwa mishale miaka yote. Sasa mishale ilikuwa inaondoka na chakula chake kuelekea darini. Yaya Colette alipofika kwa wauguzi na wote wanaotengeneza dawa, mawese yalikuwa yameganda.

Ikawa hivyo kila siku. Mtu anamwambiaje aliyemlea kwamba sala yake inapoza chakula? Mwalimu akaona afundishe. Akamgeukia Ulrich, akapaza sauti ili dada asikie: joto linapita kwa kugusana, kama kijiko kwenye chai; linabebwa na hewa au maji yanayozunguka; na linaruka peke yake bila kubebwa na kitu, kama la jua, au la makaa unapokaa karibu na babula, jiko la mkaa. Chombo kikiachwa wazi, akasema kwa mkazo, joto linakimbia.

Yaya Colette alisikiliza mpaka mwisho.

"Mungu iko na akili sana," alisema.

Siku hiyo alimshukuru Mungu kwa njia zote tatu, moja baada ya nyingine.

Mizani ya Ijumaa ilionyesha Mwalimu amezidi kupungua. Daktari alisema mambo yakibaki hivi atamrudisha nyumbani, na alilisema kwa upole, jambo lililowatia hofu zaidi. Mapendo alitoka kwenye korido akalia, akarudi amenawa uso. Mwalimu naye aliogopa. Aliogopa kufa, tena kwa sababu aliyokuwa akiifundisha darasani kila mwaka.

Siku iliyofuata Yaya Colette aliponyoosha mkono, aliukuta wa mdogo wake umeshatangulia kwenye mpini wa kifuniko.

"Yaya, leo tusali na kifuniko juu."

Ulrich alijifanya amelala.

"Na baraka itaingilia wapi?"

"Hii ni aluminium, yaya. Kitu inapitaka mu aluminium mbio sana."

"Ata baraka?"

Swali hilo halikuwamo kwenye programu ya darasa la tano.

"Ukiweka mikono juu," alisema Mwalimu.

Yaya Colette si mtu wa kufanya kitu nusu. Aliweka viganja vyote viwili, bapa, juu ya kifuniko kilichotoka blanketini sasa hivi. Mwalimu alijua kitakachofuata. Alinyamaza kwa sababu ya njaa, na Mungu amsamehe.

"Bwana Mungu, weye uliumba mbingu na..."

Akasita. Akabana midomo. Lakini sala ikianza, Yaya Colette haondoi mikono. Basi akauruka ulimwengu, akawaruka mababu, akawaruka wauguzi na wenye dawa.

"Usininyanganye huyu mutoto," alisema mbiombio. "Ni miye nilimubeba. Amina."

Akavuta mikono, akaifutika ndani ya kitenge chake. Mwalimu alikuwa amesikiliza sala za dada yake maisha yake yote, na hii hakuwahi kuisikia. Ikamjia kwamba huenda ilikuwamo kila siku, chini ya zile nyingine.

Mapendo akafunua sufuria, mvuke ukampiga usoni. Mwalimu alikuwa na tonge mkononi, linamchoma vidole, na hakuweza kulipeleka mdomoni kwa machozi.

"Kula," Yaya Colette alisema. "Itapola."