Chupa Isiyopungua ya Mzee Keraryo

Chupa haikuwa imepungua hata tone. Matrida aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, akahesabu tena mistari ya kalamu kwenye plasta aliyoibandika ubavuni. Mistari saba, siku saba. Aliiacha hapa Jumanne. Leo Jumamosi dawa ya maumivu ilitakiwa iwe imeshuka hadi mstari wa nne, lakini ilikuwa palepale juu, imejaa hadi shingoni.

Chumba cha pili mzee Keraryo alikuwa anauma shuka. Kansa ilianzia kwenye tezi dume, sasa imeingia mifupani. Mtu ambaye zamani akiita ng'ombe wanamsikia mpaka ng'ambo ya mto, siku hizi alikuwa anaibana sauti kifuani ili wajukuu wasimsikie. Walikuwa wanamsikia hivyo hivyo. Walishaacha hata kucheza uani.

"Burito!" Matrida alifoka. "Burito, hebu njoo hapa!"

Tuseme ukweli, Matrida ana ulimi. Butiama nzima wanaujua, na hata katekista Kasmiri, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chao cha kutunza wagonjwa, huwa anatangulia kuomba radhi nyumba wanazoingia pamoja. Burito, mtoto wa kwanza wa mzee, baba mtu mzima mwenye mvi zake, alikuja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, mama Dennis."

"Karibu ya nini! Baba yako anatafuna shuka, dawa mmeifungia sandukuni kama nguo ya kipaimara! Nilisema kila baada ya saa nne. Ndama wenu mnamnywesha kwa wakati, baba yenu mnamwangalia tu. Wewe ni mtoto au ni adui?"

"Mama Dennis, mimi hata sija..."

"Hata hujafanya nini? Chupa hii inasema!"

Mama Burito alitoka chumbani kwa mgonjwa, mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kimemlegea kichwani. Siku tano hizo ndiye aliyewaambia akina mama wa kikundi, kila walipokuja kuogesha na kuleta maji, kwamba chupa iko sandukuni watoto wasije wakaichezea. Wakaridhika.

"Mwache mwanangu," alisema. "Siyo yeye. Mzee mwenyewe ndiye kakataa. Ameniapisha."

Lo! Matrida alijisikia kama mtu aliyempiga mbuzi wa jirani halafu akagundua mhogo ulioliwa siyo wake. Akamwomba Burito radhi, kwa sauti ndogo ambayo hakuizoea. Kisha akakaa kwenye kigoda, akamwambia mama Burito aeleze.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Miaka kumi na miwili iliyopita, Nicolaus, mtoto wa mwisho, aliwaacha ng'ombe wa baba yake malishoni bila mtu akaenda kufuata uvuvi. Wezi wakaswaga kundi zima. Mzee Keraryo alisimama mlangoni, akatema mate chini, akasema: Ziwa likulee, na siku nikifa udongo wako usiguse kaburi langu. Katika ukoo wao neno la namna hiyo likishatoka na mate ya baba halifutwi na padri wala hakimu. Linafutwa na kinywa kilekile kwa mate yaleyale, na mwenye kinywa awe hai. Nicolaus alihamia Kisorya, ufukweni mwa ziwa, na hajakanyaga nyumbani tangu siku ile. Sasa mzee amemwita. Anakuja leo.

"Sasa dawa inaingiaje hapo?" Matrida aliuliza.

"Mama Dennis, watu wanasemaga dawa yako inafunga kinywa," mama Burito alisema akiangalia sakafu. "Si yule mzee wa kule mlimani, mwaka jana? Mlimpa, akalala, akaenda bila kuaga watoto wake. Mzee wangu amesema bora aumie mpaka Nico afike, akili ikiwa safi. Akishafuta neno lake, ndiyo atakunywa."

Yule mzee wa mlimani alikuwa na saa chache tu za kuishi, dawa au bila dawa, na nesi alilisema hilo. Lakini aliyeshika bomba la dawa alikuwa Matrida, na waliobaki hai ndio wanaosimulia.

Na kuna jambo ambalo alikuwa halisemi sana. Alipoolewa na Masatu, mvuvi, walikuwa wanakaa Kitaji, mjini Musoma. Masatu alipougua kansa ya koo alipewa dawa hiihii. Jirani mmoja akamwambia Matrida, usimpe sana, atazoea. Naye akaisikiliza hiyo midomo. Akaificha chupa nyuma ya gunia la unga, akawa anampa mume wake tone kwa tone kama anayempa sumu. Masatu alikufa akiwa amemng'ang'ania mkono, kucha zimeingia. Mtu anayekufa anazoea nini? Swali hilo lilimjia mwezi mmoja baada ya mazishi, na halijamwacha. Aliporudi Butiama kwa mama yake, akasikia nesi Stellah wa Musoma anatafuta watu wa kufikisha dawa vijijini, alikuwa wa kwanza kusimama kanisani. Akina mama wa jumuiya wakafuata, mmoja wa kuni, mwingine wa kuogesha, mwingine wa uji wa ulezi. Chacha wa bodaboda akasema yeye atakuwa miguu yao. Mistari ya plasta aliibuni Matrida, ili hata asiyejua kusoma aweze kuona kama mgonjwa amepata.

Akampigia Stellah. Akaeleza yote, hata lile la kinywa.

"Mpe," nesi alisema. "Dozi ileile ndogo ya kuanzia. Atalala, dada yangu, usishtuke, mtu hajafumba jicho siku tano. Ila hesabu pumzi zake. Zikishuka chini ya nane kwa dakika, nipigie hapohapo. Na umuulize kwanza. Mwili ni wake."

Burito alikuwa amesikia. "Na asipoamka?"

"Ataamka."

"Nimekuuliza asipoamka." Hakupaza sauti. "Nico atakaa hapo nje ya uzio, anasikia tunamzika baba, hawezi kusogea. Maisha yake yote. Asipoamka, mama Dennis, usikanyage tena mji huu. Na kikundi chenu kisikanyage mji wowote wa ukoo wetu."

Hakuwa anatisha bure. Ukoo huo ulikuwa nusu ya kijiji, na wagonjwa watatu wengine wa Matrida walikuwa wa damu hiyohiyo. Saa yake ilionyesha saa tano kasorobo. Chacha alikuwa ameshaondoka kwenda Bunda, amngoje Nicolaus pale Nyasura.

Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Mara..." Mzee alifumba macho. Neno lilikatika katikati, likabaki.

"Baba, nimesikia unamngoja Nico. Unafanya vizuri. Sasa naomba uniambie mimi kwanza. Yale utakayomwambia, niambie, nisikie yanavyotoka."

Mzee alimtazama. Akameza mate. "Mwanangu," alianza, "siku ile mimi..." Mwili ukakakamaa kuanzia kiunoni, meno yakarudi kwenye shuka. Mama Burito aligeuka ukutani. Maumivu yalichukua muda mrefu kumwachia. Alijaribu tena, akafika palepale, "siku ile mimi," na maumivu yakamkata tena.

"Baba," Matrida alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyaficha. "Nani anakufunga kinywa hapa? Dawa bado iko chupani."

Nje kuku walikuwa wanaparura. Mzee Keraryo aliangalia dari, akamwangalia mke wake, kisha taratibu, kama mtoto anayepewa uji, akafungua mdomo.

Matrida alivuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, akaliinua mama Burito aone kipimo, Burito naye aone, akaisukuma polepole shavuni. Ilikuwa saa tano kamili.

Saa sita mzee aliacha kuuma shuka. Saa sita na nusu vidole vyake vilifunguka. Kabla ya saa saba alikuwa amelala, mdomo wazi, na ule mgumio waliouzoea nyumba nzima ukanyamaza. Ungedhani watu watafurahi. Walijaa woga. Ndugu walianza kufika, wanakaa uani bila kusalimiana kwa sauti, na kila anayeingia alimwangalia mgonjwa, kisha akamwangalia Matrida.

Pumzi kumi na nne. Kumi na mbili. Alihesabu kwa saa ya simu, kidole kikigusa shuka kila kifua kilipopanda. Kasmiri alikuja akakaa upande wa pili, akahesabu naye, kwa sababu macho ya Matrida yalikuwa yameanza kumdanganya. Akina mama wa kikundi walileta maji, wakakaa ukutani, rozari mikononi.

"Kumi na moja," Kasmiri alinong'ona.

"Nami nimepata hizo hizo."

Saa nane Chacha alipiga simu. Gari la Nicolaus lilipasuka tairi njiani, ndiyo kwanza linaingia Bunda. Burito alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Kumi," alisema Kasmiri.

Mungu wangu, Matrida aliomba kimoyomoyo, usinifanyie tena. Alimwona Masatu, akaziona zile kucha. Alitamani atoke akimbilie hata porini. Alikaa. Kumi. Kumi tena. Haikushuka, lakini mzee hakutikisika hata nzi alipomtua kwenye kope.

Pikipiki ilisikika saa tisa kasoro dakika kumi. Nicolaus alishuka nje ya uzio na hapohapo akasimama. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega ya kuvuta nyavu, amekumbatia mfuko wa furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, ambao baba yake alikuwaga anawapenda. Hakuvuka. Aliyefukuzwa kwa neno la baba haingii mpaka baba amwite. Watu wote uani waligeuka kuangalia dirisha la mgonjwa.

"Baba," Matrida aliita. Kimya. Akamgusa bega. "Baba, Nico amefika."

Hakuna.

"Baba Burito, amka!" Sauti ilimpanda. Burito aliingia chumbani, uso umebadilika, na Matrida alijua kinachokuja.

Mama Burito aliwasogeza wote wawili kwa kiwiko. Aliinama sikioni kwa mume wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kila jioni kwa miaka arobaini na kitu:

"Mzee. Ng'ombe zimerudi."

Kope zilicheza. Mdomo ukafungwa, ukafunguka.

"Zimetimia?" mzee aliuliza.

"Alikuwa amebaki mmoja. Yuko nje."

Mzee Keraryo alifumbua macho. Alitazama chumba kizima, mtu mmoja mmoja, kama anayewahesabu. "Sasa mmemwacha nje ya nini?" alisema. "Aingie!"

Sauti ilifika uani. Nicolaus aliingia akiwa ameinama, akaanguka magoti, mfuko wa furu bado kifuani. Baba yake aliomba maji, akachukua funda, akalipuliza, maji na mate, kichwani na kifuani kwa mwanawe mara nne.

"Mwanangu, siku ile mimi nilikuwa na hasira. Nilichokisema nimekirudisha tumboni mwangu, nakufa nacho. Utanizika. Udongo wako utanifunika."

Nicolaus alilia kwa sauti bila kujali watu. Matrida naye alilia, Kasmiri akapenga kamasi kwenye leso. Ni Burito peke yake aliyebaki wima.

"Baba," alisema kwa shida, "nisamehe, lakini ukoo utauliza. Watasema mzee alikuwa amekunywa dawa. Maneno ya mtu aliyekunywa hayahesabiki."

Swali hilo lilikuwa la kweli, hata Matrida aliliona.

Mzee alimgeukia mtoto wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa na sura ya mtu anayetaka kucheka.

"Burito. Siku ile namlaani mdogo wako, nilikuwa nimekunywa nini?"

Burito alimtazama Nicolaus pale sakafuni.

"Sikuwa nimekunywa hata maji. Nilikuwa mzima, akili safi. Na neno lile bovu mmelihesabu miaka kumi na miwili. Hili mtalihesabu vilevile." Akapumzika kidogo. "Mama Dennis, saa tisa haijafika? Nipe basi, maana naisikia inarudi."

Mama Burito ndiye aliyefungua chupa.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Chupa ya kwanza ilifika mstari wa mwisho, Chacha akaleta ya pili. Mzee alikula furu, kidogo tu, akawaambia wajukuu wafanye fujo zao uani. Alikufa Jumatano mchana, akiwa amemwegemea Nicolaus.

Kaburini watu walikuwa wengi, na ukoo wote ulikuwepo. Zamu ya watoto ilipofika, Burito alitupa udongo wake. Nicolaus aliinama akachota, akasimama ukingoni, ngumi imefungwa. Macho yote yalikuwa juu yake. Wazee wawili upande wa pili walinong'onezana. Udongo ukaanza kumchuruzika kati ya vidole, lakini hakuutupa. Matrida, aliyesimama nyuma na akina mama wa kikundi, aliutazama ule mkono.

Burito alirudi pale ukingoni. Akamshika mdogo wake mkono, akaunyoosha juu ya kaburi, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Tupa, Nico. Nilisikia kwa masikio yangu. Baba alikuwa mzima."