Gia yangu inasubiri mgeni rasmi

Jamani, leo gia yangu imefungiwa kabatini kwa mkuu wa chuo!

Yaani sikieni.

Kuna kampuni ilitupa msaada wa printa ya 3D, ile inayotengeneza vitu vya plastiki, ili wanachuo tubuni teknolojia. Miezi yote hii imefungwa utepe mwekundu. Hakuna kuigusa mpaka mgeni rasmi aizindue.

Mimi nimejifundisha kuitumia kwa video za kwenye simu tu. Inkubeta yangu, mashine ya kuangulia vifaranga, kule nyumbani Visiga imevunjika gia ya kugeuzia mayai. Mama anageuza mayai themanini kwa mkono, mchana kutwa!

Leo dada wa kampuni kaja kukagua.

"Mmeshatengeneza nini?"

Mkuu, kwa kujiamini kabisa: "Bado, mheshimiwa. Haijazinduliwa."

Dada wa watu mdomo wazi. Akaomba mkasi, akakata utepe mwenyewe. "Haya, nani anajua kuitumia?"

Niliruka kama nimekalia kaa la moto! Nikaingiza mchoro wa gia niliouandaa kwenye simu, tukasubiri, gia hiyo ikatoka. Makofi mpaka wapishi wakaja kuchungulia.

Nanyoosha mkono niichukue.

"We kijana, acha!" Mkuu huyo. "Hii ndiyo kazi ya kwanza ya chuo. Haitoki hapa mpaka mgeni rasmi aizindue."

Dada kambembeleza, wapi!

Sasa nani humu ana suti aje kuzindua gia moja? Nauli ya kutoka Maili Moja hadi chuoni juu yangu. Ila hotuba iwe fupi, mama kachoka.