Chupa ya Mkojo Isiyo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Maabara alinikabidhi darubini, stuli na onyo moja. "Neema, kazi yako ni kuandika majibu. Ushauri ni wa madaktari." Hiyo ilikuwa Chunya, kwenye zahanati ambamo vumbi liliingia hadi ndani ya makabati. Nikaitika. Najutia kuitika kule mpaka leo.

Kutwa tulipima mkojo. Unachovya kijiti, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo. Protini ikionekana mara moja, huenda mtu ana homa tu. Ikirudi tena na tena kwa miezi mitatu, figo zinavuja, na huyo anatakiwa aonwe na bingwa wa figo. Ni hayo tu! Lakini nilihamishiwa kituo kimoja cha afya nje ya jiji la Mbeya, nikamkuta Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, ambaye kwake kila kitu kilikuwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Protini? UTI. Miguu imevimba? UTI, na chumvi nyingi. Nikaanza kuandika majibu ya protini kwa wino mwekundu. Akaniambia wino mwekundu ni wa wakaguzi.

Asubuhi moja akaingia maabara mwenyewe, akaweka chupa mezani. Haikuwa na jina.

"Ya nani, Dokta?"

"Ya mgonjwa. Pima."

Kijiti kikageuka kijani kilichokolea. Protini, alama tatu.

"Rudia."

Nikarudia. Yale yale.

"Vijiti vyako vimeisha muda."

Nikamwonyesha kopo, tulikuwa tumelifungua wiki ile. Ndipo nilipotazama chini. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimelegezwa kabisa, na soksi zimemchora mfereji juu ya vifundo.

"Presha ya mgonjwa huyu ikoje, Dokta?"

"Inapanda kidogo."

"Anameza dawa za maumivu?"

"Mgongo unamsumbua. Anameza kila siku."

"Dawa hizo nazo huumiza figo. Basi tumpime kreatinini leo, na wiki hii aende kwa bingwa." Kreatinini ni taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, ikipanda, ujue figo zimechoka.

Akachukua chupa yake. "Neema, andika majibu."

Kila mwezi nilimkumbusha, na kila mwezi alikuwa na semina, au ukaguzi, au msiba Tukuyu. Mwishowe nilimjazia fomu ya rufaa kwa mkono wangu, nikaacha nafasi ya saini tu. Akaweka kikombe cha chai juu yake. Alifika kwa bingwa baada ya kuanguka kikaoni, akitapika na kuhema. Figo hazikufanya kazi tena. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki.

Nilipokwenda kumwona hospitali, alikuwa kwenye mashine. "Ungepiga kelele zaidi, Neema."

"Nilipiga, Dokta!" Muuguzi akageuka kututazama. "Mwaka mzima nimepiga!"

Akafumba macho. "Najua," akasema, na machozi yakamtoka. Nilimshika mkono, lakini hasira haikuniisha, na sehemu yake nilijikasirikia mwenyewe. Wangapi niliwaandikia majibu nikanyamaza?

Utumishi nilimalizia Iringa, na huko nilikuwa kero. Niliwafuata madaktari hadi mlangoni. Sasa nimestaafu, naishi Ipogolo, na majirani wananiletea karatasi zao uani.

"Mama, eti mkojo ukiwa na povu ni kawaida?"

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Na sasa ni Pasaka! Presha anayo, sukari anayo, anamsubiri nani?

Juzi nimepima damu yangu. Kreatinini imepanda kuliko mwaka jana. Nilikaa kitandani na ile karatasi, nikajisikia nikisema labda ni uchovu, labda maabara imekosea, ngoja kwanza nivune mahindi. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyojikasirikia siku ile. Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Mbeya, nikaenda kwa bingwa.