Gavana Niliyemwacha Mvuani

Siku niliyopigwa na butwaa kwa maneno ya mzee wa Kizungu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa umeanza kazi ya kuhudumia wagonjwa, afadhali uisikie. Usinijibu kwa Kiingereza, sikiliza kwanza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja. Mimi kijana wa Lindi, darasa la nne tu, nikihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea hapa London. Mpishi wetu alikuwa Bi Zuhura, Mzanzibari aliyetoka kwao na kanga mbili. Pilau yake, acha tu, hata matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa akiramba vidole. Basi.

Akaletwa Gavana. Jina silitaji, ana wajukuu. Mtoto wa lodi yule, mwinyi wa Kiingereza, alijua kupanda farasi kabla ya kujua kusoma. Akapewa visiwa atawale, kisha nchi yetu, mwisho akaletwa kwetu. Pichani ukutani alivaa kofia ya manyoya meupe. Kofia ile naijua. Nilipokuwa mdogo sisi watoto wa shule tulisimamishwa juani tangu asubuhi, vibendera mkononi, kumngoja. Dada yangu Somoe akazimia. Gari lake likapita alasiri, shingo hakugeuza.

Sasa namwogesha mimi. Aliye juu mngoje chini, nikajisemea. Siku hiyo nikamsukuma bustanini na kiti chake cha magurudumu, nikamwacha. Mvua ikaanza. Nikamtazama dirishani huku nakunywa chai.

"Babu yuko wapi?" akauliza Bi Zuhura.

"Anangoja. Nami nilimngoja."

Alitoka mbio, nami nyuma yake. Mzee alikuwa chapachapa, midomo imegeuka rangi. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake:

"Watoto wamesimama?"

"Wamesimama," nikamjibu.

"Vizuri. Waache wasimame."

Nikamgeukia Bi Zuhura, ambaye nilikwisha kumsimulia habari ya vibendera, nikidhani ataniunga mkono. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Yeye hakumjua jina hata mtoto mmoja. Wewe wamwogesha kila siku, wajua hadi kovu lake la mgongoni, na umemwacha. Nani mbaya zaidi? Nyumba yangu mie ilichukuliwa na jirani aliyekuwa akila kwangu. Najua nisemalo. Shika kiti."

Mzee alikohoa wiki mbili. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiogopa kwamba nimeua mtu. Akapona. Samahani hakuomba, na mimi, nikwambie kweli, sikumsamehe. Lakini sikumngojesha tena.

Mwanangu, mikononi mwako watapita watu usiowapenda, na wengine kweli hawapendeki. Hasira yako itundike mlangoni pamoja na koti. Ukitoka utaikuta, hakuna atakayeiiba. Asiyeweza kusimama mwenyewe usimlipize.

Mungu akupe mikono myepesi, na ukizeeka akupe mtu wa kukutoa mvuani kabla hujaita.