Nilijiona mrembo kuliko Bwera nzima, kumbe nakufa njaa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwanamke, nauza vitenge hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijamsingizia rafiki.

Miaka ya 2015 hivi nilijiona zawadi ya Mungu kwa watu wa mpakani. Kabla sijafungua duka, selfie kadhaa Facebook. Mteja akisifia kitenge, najua ananisifia mimi. Asiyesifia ana wivu. Hesabu rahisi.

Jirani yangu sokoni, Mama Kavira, Mkongo wa Butembo, nilimwita "gunia" mbele ya wateja. Akaendelea kuhudumia wateja wake. Nikaona hana hata akili ya kukasirika.

Siri ya urembo? Nilikuwa sili. Nikila, naenda kutapika.

Ramadhani ilinifaa sana. Idd ikapita, mimi bado nafunga. Akina mama wa msikitini wakanisifu kwa uchaji. Nikapokea, nani anakataa sifa za bure?

Siku moja ya soko nikaanguka juu ya vitenge vyangu. Nilipozinduka, swali la kwanza: kuna mtu amenipiga picha? Yaani roho inatoka, mtu anawaza angle.

Aliyenibeba hadi kwenye gari la kwenda hospitali Kasese ni yule gunia.

Akakaa kando ya kitanda changu. "Tangu siku gani haukule?"

"Nafunga, mama."

"Miye niko mukatoliki, lakini mutu wa njaa namujua."

Nikashindwa kumwangalia. Nikamuuliza kama alisikia nilivyokuwa namwita.

"Nilisikia. Ulikuwa unaogopa mwili yako, haikuwa yangu."

Nililia kama mtoto. Daktari alipokuja nikamwambia yote: siku nikikosa sifa, najiona takataka. Hakucheka. Akasema ni ugonjwa, na una matibabu.

Matibabu yalichukua zaidi ya mwaka, na nilirudi nyuma mara mbili. Mama Kavira alikuwa ananiletea sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, na kukaa nami mpaka nimalize. Mbaya zaidi, ni tamu.

Nilichojifunza: majivuno yangu hayakuwa kujipenda. Anayejipenda hajinyimi chakula.

Kama una dada au mke anayejisifu kutwa, halafu mezani kila siku ana sababu ya kutokula, tuambie hapa. Wa kunitukana pia karibuni. Ila msiniulize kama nimenenepa au nimekonda, hapo bado sijapona.